Picha ya Mzee Kaaya Tuliyoitoa Rangi

Glory na Samir, nyinyi mlioingia ofisini nyuma yangu, siku ya kuniaga mliniomba niseme machache nikashindwa. Nilisimama, nikaitazama soda yangu, nikakaa tena. Kwa hiyo nawaandikia. Naandika polepole. Mimi niliishia darasa la saba, na macho yangu siku hizi hayataki kukaa na maandishi muda mrefu, ndiyo maana nimeacha kazi. Daktari alisema nikiendelea na skrini nitakuja kushindwa hata kuchambua mchele. Idrisa anasema nimestaafu nikiwa na meno yote. Acha aseme.

Habari za mshahara sitaandika, wala za vyeo. Ofisi yetu ina viti vinne, na cheo kikubwa ni kukaa karibu na dirisha. Nataka kuwaandikia kazi yenyewe ya kutengeneza websaiti, na hasa ile dizaini ya Mzee Kaaya, kwa sababu nyinyi mmeisikia kwa Idrisa kama kichekesho. Mimi nilikuwepo. Haikuwa kichekesho.

Nilikuja Ngarenaro kufanya usafi. Ofisi ilikuwa ghorofani kama ilivyo sasa, juu ya mafundi wa kuchomelea, na siku ya kwanza nilidhani kelele zile ni nyumba inabomoka. Nilipanda ngazi nimeshika ukuta. Bi Zuhura, ambaye ukoo wao ulitoka Pangani lakini yeye amezaliwa mtaa uleule, alinipa ndoo na kitambaa akarudi kwenye kiti chake. Kwa muda mrefu nilifuta vumbi juu ya kompyuta bila kugusa kitufe hata kimoja. Waya nilizizunguka kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

Siku moja akaniuliza, "Ndeshi, hiyo mashine unaifuta kila asubuhi, hujawahi hata kuiwasha?"

"Naogopa, Dada."

"Unaogopa nini?"

"Nisije nikaiharibu."

Akavuta kiti. "Kaa hapa. Huyu Idrisa haogopi kitu, na kila wiki namlipia fundi."

"Nipo hapa nasikia," Idrisa akasema.

"Nimesema usikie."

Ndivyo nilivyoanza. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukata picha. Wateja wetu wengi walikuwa watu wa utalii, na watu wa utalii wanaleta tembo. Nilijifunza kukata tembo pembeni bila kumkata sikio. Kipanya cha kompyuta nilikishika kwa vidole viwili, nikiamini kinaweza kuning'ata. Idrisa alinifundisha kuweka vitu kwenye ukurasa, na Bi Zuhura akanifundisha kuviondoa, maana alisema ukurasa mzuri ni ule uliopunguzwa.

Kwenye droo ya chini kuna simu yenye kioo kilichopasuka. Msiitupe. Kila kitu tunachotengeneza lazima tukione kwenye simu ile kabla mteja hajakiona, kwa sababu watu wa kawaida wanafungua kwenye simu za namna ile, wakiwa juani, bando limebaki kidogo. Kwenye kompyuta ya Idrisa kila kitu kinapendeza. Hata mimi nikiwekwa pale napendeza.

Kilichonitisha kuliko mashine ni wateja. Nikisikia hatua kwenye ngazi nilikuwa naingia jikoni kuosha vikombe ambavyo ni visafi. Bi Zuhura alinitoa huko polepole. Alinionyesha anavyomsaidia mteja kuchagua dizaini. Haonyeshi moja, anaonyesha tatu. Hamuulizi anapenda ipi, kwa sababu mtu mzima mwenye heshima zake ataangalia zote tatu aseme zote ni nzuri, Mungu awabariki, halafu arudi nyumbani na kinyongo. Anampa simu mkononi, anajifanya ana shughuli nyingine, na anaangalia dole gumba linarudi wapi. Linaporudi mara nyingi, hapo ndipo moyo ulipo. Kazi ya kuangalia dole gumba akanipa mimi, maana nilikuwa siongei na wateja walinisahau kama nipo.

Sasa Mzee Kaaya.

Yeye ni wa kwetu, Akheri. Boma la mama yake liko ng'ambo ya mto, mkabala na letu, na toka nikiwa mdogo nilikuwa namwamkia nikiwa nimeinama. Alianza mlimani kama mgumu, ndivyo wanavyoitwa wale wanaobeba mizigo ya wageni, kisha akawa mwongozaji, na baadaye akafungua kampuni yake ndogo ya kupandisha watu Mlima Meru. Binti yake, Upendo, ndiye aliyeshika simu na magari. Walikuja wote wawili. Mzee alikuwa amevaa koti la kanisani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe si mtoto wa Mbise? Kumbe huku ndiko unakojificha!" Akamgeukia Bi Zuhura. "Huyu akija dukani kununua chumvi anasubiri mpaka watu wote waondoke."

"Hata hapa ni hivyo hivyo," akasema Bi Zuhura.

Tuliandaa dizaini tatu. Ya kwanza ilikuwa na rangi nyingi, twiga na tembo na vijipicha vinavyotembea. Ya pili ilikuwa ya kawaida, safari zimepangwa moja chini ya nyingine. Ya tatu aliitengeneza Idrisa kwa picha ya zamani aliyoileta mzee mwenyewe, aliyopigwa na mgeni fulani getini Momella, chini ya mlima. Amesimama, anatazama mbele, hacheki. Idrisa aliitoa rangi ikawa nyeusi na nyeupe, akautia giza mlima nyuma yake, na chini akaandika kwa herufi nyeupe jina lake kamili, na mstari wa chini yake "Tangu" pembeni kabisa, kisha katikati mwaka aliopandisha mgeni wake wa kwanza.

Sikuhitaji kuangalia dole gumba sana. Halikutoka pale.

"Hapa naonekana kama balozi," mzee akasema.

"Baba, hata hujatabasamu," akasema Upendo.

"Balozi anatabasamu nini? Ana kazi."

Tulicheka wote. Nasema wote, hata mimi. Tuliitazama kwenye kompyuta, tukaitazama kwenye simu iliyopasuka, ukurasa ukafunguka vizuri, kila herufi mahali pake. Mzee alikuwa anapanda mlima kesho yake na wageni, akasema tuiweke hewani akiwa huko, akishuka aikute. Huko juu simu hazishiki.

Tukaiweka. Asubuhi ile mvua ilikuwa imeanza toka alfajiri. Idrisa alibonyeza, Bi Zuhura akasema bismillahi kama kawaida yake, tukamtumia Upendo linki. Yeye alikuwa anaondoka kwenda uwanja wa ndege kupokea wageni. Kwa furaha aliituma kwenye grupu la ukoo, la kanisani, na la madereva wa utalii, akaandika juu yake: "Baba yetu mpendwa. Tunamshukuru Mungu kwa yote." Akaweka na ile mikono miwili iliyokutanishwa. Simu akaitia kwenye mkoba, akawasha gari.

Jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua ni hili. Linki ikitumwa kwenye grupu, simu inakata kipande cha mraba kutoka kwenye ukurasa na kukiweka juu. Ule mraba ulikata mlima. Ulikata jina la kampuni. Ulikata na lile neno "Tangu". Ukabaki uso wa Mzee Kaaya, mweusi na mweupe, giza pande zote, jina lake kamili, na mwaka.

Kwetu picha ya namna hiyo ina maana moja.

Simu ya kwanza ofisini ilitoka kwa dereva mmoja wa Maji ya Chai aliyejua kuwa mzee ni mteja wetu. Niliipokea mimi kwa bahati mbaya, wengine walikuwa na kazi.

"Ofisi? Samahani dada yangu, msiba uko wapi? Mjini au Akheri?"

"Msiba gani, kaka?"

"Wa Mzee Kaaya."

Nilimpa Bi Zuhura simu. Yeye akasikiliza, akasema subiri, akasema hapana, akasema nani amekwambia. Idrisa naye alikuwa ameshika simu yake. Rafiki yake alikuwa amemrushia ile picha, na chini yake watu walishaandika, mmoja baada ya mwingine, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, pumzika mzee wetu, mlima umempoteza mtu.

"Iondoe!" Bi Zuhura akasema.

Idrisa akaiondoa. Ukurasa ukabaki mweupe. Lakini kwenye magrupu picha haikuondoka. Iliyokwisha kutumwa imetumwa, iko kwenye simu za watu, na sisi hatuna mkono wa kufika huko. Kila tulipoangalia ilikuwa imerushwa mahali pengine.

Tulimpigia Mzee Kaaya. Hapatikani. Na hilo ndilo lililoichochea habari, kwa sababu kila aliyeingiwa na shaka alipiga simu ya mzee kuhakikisha, naye alijibiwa hivyo hivyo.

Upendo alipopatikana alikuwa ameshaona. Alikuwa analia, nyuma yake nasikia magari. "Bibi," alisema, akimaanisha mama yake Mzee Kaaya. "Bibi ana presha. Daktari alituambia asishtuliwe, moyo wake hautahimili. Asisikie. Tafadhali, asisikie hata kidogo."

Bi Zuhura akanitazama mimi. "Wewe ndiye wa kule. Nenda kwa huyo bibi kabla habari haijamfikia."

"Dada, nikasemeje?"

"Sema ukweli. Mwambie mwanao ni mzima."

Idrisa alinipeleka kwa pikipiki yake. Mvua ilitupiga njia nzima, na tulipoacha lami pale Tengeru kupandisha, tope lilikuwa linatuvuta upande. Alikuwa anaongea bila kunyamaza, ndivyo anavyoogopa yeye.

"Tukifika utaongea wewe. Mimi ni mtu wa Ngarenaro, sijui mila zenu."

"Mimi huwa siongei, Idrisa."

"Leo utaongea. Leo utatoa hotuba."

Kisha akaniuliza bila kugeuka, "Ndeshi. Una uhakika yuko hai?"

Nilichokuwa na uhakika nacho ni kwamba picha ile haikuwa tangazo la msiba. Hilo halikuwa sawa na kujua mtu yuko hai. Mlimani mvua ilikuwa inanyesha, juu ni mawe yanayoteleza, na kuna nyati, ndiyo maana hupandi bila askari mwenye bunduki. Watu wa kwetu wana neno uchuro, ukimtamkia mtu baya linamfuata. Mchungaji alitukataza kuamini. Kwenye pikipiki ile niliamini.

Tulikuta watu bomani. Wanaume walikuwa wamesimama chini ya mapaa, makoti yamelowa. Mmoja alikuwa ameshakata ndizi, mikungu imelazwa ukutani. Turubai lilikuwa limekunjwa pembeni, limefichwa nyuma ya banda la ng'ombe. Nikaelewa mara moja. Bibi alikuwa bado hajaambiwa.

Kwetu mtu haambiwi kifo ghafla. Anaambiwa fulani anaumwa kidogo, amepata nafuu, yuko mzima, anapumzika. Anaambiwa ale kwanza. Watu wanakuja mmoja mmoja wakisema wamepita kusalimia. Mwisho mwinjilisti anafika, anaketi naye, na mtu mzima wa ukoo anasema lile neno. Mwinjilisti alikuwa njiani. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake wanaosifia maharage ya Bibi, na Bibi amekaa kwenye kigoda chake anawatazama. Alikuwa mdogo wa mwili, kilemba kimekazwa, mikono magotini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Wa Mbise, Bibi, ng'ambo ya mto."

"Nawe umepita kunisalimia. Na mvua yote hii." Aliwaangalia wanawake. "Leo nimependwa."

Maji yalikuwa yananichuruzika kwenye sakafu yake. Nikasema kile nilichotumwa kusema.

"Bibi, Mzee Kaaya ni mzima."

Maharage hayakusifiwa tena. Bibi akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Nani amekuuliza kama ni mzima?"

Wadogo zangu, nimeogopa vitu vingi katika maisha yangu, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa sekunde ile. Niliona neno langu linaingia mwilini mwake. Midomo yake ikapauka.

"Hata kwa baba yake walinijia hivyo hivyo," akasema. "Mzima, amelala tu hospitali. Walikuja na nguo zimelowa."

Mwanamke mmoja akaanza kulia. Baba mdogo Naftali, mdogo wake Mzee Kaaya, akaingia akanishika bega akanitoa nje.

"Binti, mbona umeharakisha? Mwinjilisti hajafika!"

"Baba mdogo, sijaja kwa msiba. Hajafa. Ile picha ni ya websaiti."

"Websaiti ndiyo nini mpaka iandike mtu amefariki?"

"Haikuandika amefariki."

"Imeandika mwaka!"

Idrisa alijaribu kumweleza habari za mraba. Akachora mraba hewani kwa vidole. Baba mdogo alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyelewa msibani.

"Haya," akasema. "Yuko hai. Nipe niongee naye."

Upendo alikuwa ameshapiga simu geti la Momella, na jibu likatufikia tukiwa pale uani. Kikundi cha mzee kiliondoka kibanda cha chini asubuhi kwenda kibanda cha juu. Redio ya kibanda cha juu haijibu toka mvua ilipozidi. Wataendelea kuita.

Niliposikia hivyo nilitaka kurudi mjini. Lakini sauti ikatoka ndani. "Yule mtoto wa Mbise aje hapa."

Nikaingia. Bibi alinishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi na una nguvu.

"Kaa. Hutoki hapa mpaka aje."

Nikakaa chini karibu na kigoda. Chini ya vidole vyake nilikuwa nasikia mapigo, sijui kama ni yangu au yake, yanakimbia, yanasita, yanakimbia. Kila yaliposita nilisali. Tulikaa hivyo mchana kutwa. Wanawake walimletea uji, hakunywa. Walimletea dawa yake ya presha, akaimeza baada ya mimi kumwomba, sijui kwa nini alinikubalia mimi.

Baadaye akasema, "Nionyeshe hiyo picha."

"Mama, hapana," akasema Baba mdogo.

"Nimesema na huyu."

Nikaitafuta kwenye simu, nikampa. Aliishika karibu na macho.

"Mbona hana rangi?"

"Tuliitoa, Bibi."

"Mkaipeleka wapi?"

Nikamwambia ile ya asili ninayo, picha yenyewe aliyotuletea mzee. Nikaifungua. Mzee Kaaya alikuwa amevaa sweta jekundu, limevutika kwenye viwiko. Bibi akaligusa kwenye kioo, na picha ikakua ghafla chini ya kidole chake, akashtuka, nikairudisha.

"Hili nilimfumia mimi," akasema. "Sufu ilipungua, mkono mmoja ni mfupi. Tazama." Nikatazama. Kweli, mmoja ulikuwa mfupi. "Huyu ni mwanangu. Yule mwingine simjui."

Mwinjilisti akafika, akapewa habari zote kwa mkupuo, za msiba, za mraba, za redio. Alivua kofia, akafikiri, akaomba sala ambayo ingefaa kwa vyovyote vile.

Jioni simu ya Baba mdogo ikaita. Geti la Momella. Redio ya juu imejibu, mzee yupo kibandani, anakunywa chai. Baba mdogo alipiga kelele uani kote. Watu wakashikana mikono. Akaingia ndani mbio, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama! Wameongea naye. Ni mzima!"

"Hayo niliambiwa mchana na mtoto wa Mbise," akasema Bibi. Na hakuniachia.

Baba mdogo akatoka, akawaambia watu wa geti wamwambie mzee ashuke kesho asubuhi, wageni awaachie msaidizi wake. Mzee akauliza kwa redio kuna nini nyumbani. Naye Baba mdogo, kwa kutaka kaka yake asipate wasiwasi njiani kwenye mawe yale, akajibu: "Mwambieni hakuna neno. Mama ni mzima. Ila aje."

Nilisikia akisema hivyo. Niliyasikia maneno yenyewe, na sikuelewa mpaka kesho yake.

Hakuna aliyerudi kwake. Ndizi zilikuwa zimeshamenywa. Turubai walilitoa nyuma ya banda wakalifunga, kwa ajili ya mvua, walisema. Nililala pale, kitandani kwa Bibi, yeye amenishika.

Kesho yake mchana Mzee Kaaya aliingia bomani. Alikuja kwa miguu kutoka pale gari liliposhindwa na tope. Wanawake wawili waliokuwa jikoni walimwona wakakimbilia migombani. Lakini yeye hakuwaona. Aliona turubai. Aliona watu, na mwinjilisti. Alisimama, akashika kichwa kwa mikono yote miwili, na mtu yule aliyekuwa kama balozi akaanza kulia kwa sauti kama mtoto.

"Nimechelewa," alisema. "Mama yangu. Nimechelewa."

Alikuwa ameshuka mlima wote ule akijua mama yake amekufa. Aliambiwa ni mzima.

Bibi akasikia sauti. Akasimama, mimi nikiwa bado mkononi mwake, tukatoka pamoja mlangoni. Sitaandika walivyotazamana. Sijui kuandika kitu kile. Mzee alitembea kwa magoti kwenye tope. Bibi alimpapasa kichwa, masikio, mabega, akamgeuza mikono akaangalia viganja, kama mtu anayekagua mtoto aliyeanguka mtini. Kila mmoja alikuwa anamuuliza mwenzake, ni wewe? Ni wewe?

Watu walikula zile ndizi. Baba mdogo alitangaza kuwa ni shukrani.

Kazi iliyofuata ofisini ilikuwa ya kawaida. Toka siku ile kila linki tunaituma kwanza kwenye grupu letu la ofisi, tuone mraba umekata nini. Msiache kufanya hivyo hata kama mteja ana haraka. Na picha ya mtu aliye hai msiitoe rangi. Mkiona wazungu wanafanya, waacheni wafanye kwao.

Mzee Kaaya hakutaka kuchagua tena. Alisema mama yake achague. Basi Bibi aliletwa Ngarenaro, akapanda ngazi zetu akipumzika kila hatua chache, na mafundi wa chini wakazima mashine zao mpaka alipofika juu, bila kuombwa na mtu. Bi Zuhura alimwamkia, akampa kiti cha dirishani. Tulimwekea dizaini tatu, zote za rangi. Ya kwanza na ya pili zilikuwa na mzee ndani ya sweta jekundu. Ya tatu ilikuwa na njia tu, inapanda kwenye majani marefu, na namba ya simu kubwa chini yake.

Hakuchelewa. "Hii."

"Mama, mimi simo humo," akasema Mzee Kaaya. "Wageni watanijuaje?"

"Wapige simu wakusikie. Halafu waje wakuone."

"Biashara, Mama."

"Biashara fanya. Uso wako uache nyumbani."

Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo, mnaweza kuifungua mkaiona. Idrisa bado anasema ni dizaini mbaya kuliko zote tulizowahi kutoa.

Mzee alipotangulia kushuka kuita gari, Bibi alinivuta karibu.

"Ile nyingine," akasema. "Isiyo na rangi. Mmeifuta?"

"Kwetu tumeifuta, Bibi. Ila bado iko kwenye simu za watu. Hiyo hatuwezi kuitoa."

Nilidhani atanishika tena mkono, lakini alikuwa anakaza kilemba chake.

"Basi ikae huko," akasema. "Itakuja kuhitajika. Ila mimi niwe nimeshatangulia."

Akashika ukuta, akaanza kushuka ngazi.